Mchezaji Akitoka Uwanjani Huenda Wapi?

Kila mwaka gazeti letu la shule huwa na kurasa za michezo, na katika kurasa hizo msomaji hukuta majina ya waliofunga, picha ya timu imesimama kwa safu mbili, na hesabu ya michezo tuliyoshinda na ile tuliyoshindwa. Jambo hili ni jema, kwa maana mwenye kutoka jasho astahili kutajwa. Lakini sijapata kuona hata mara moja kurasa hizo zikiuliza swali hili: mchezaji akiisha kutoka uwanjani, huenda wapi? Mkulima mwenye miaka 60 hulima bado, na fundi wa saa huzidi kuwa hodari kadiri nywele zake zinavyogeuka mvi. Mchezaji wa mpira wa kikapu, yeye, akifika miaka 35 watu huanza kumwita mzee. Basi katika makala hii nataka kulijaribu swali hilo, nami ninayo sababu yangu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Baba yangu ni dereva wa lori katika njia ya Malaba mpaka Kampala, na ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili husemwa kuliko kwa jirani zetu. Karo yangu imelipwa kwa gurudumu la lori, nami tangu kidato cha pili nilikuwa na shauri moja tu la kumpumzisha Baba: kucheza mpira wa kikapu vizuri hata chuo kikuu kimoja kinichukue na kunisaidia karo, kama vyuo vyetu vingine vifanyavyo kwa wachezaji hodari. Mwaka jana, katika muhula wa pili, niliruka kudaka mpira uliorudi kutoka kikapuni, nikatua vibaya juu ya mguu wa mwenzangu. Goti likageuka. Daktari alinitazama kwa muda mrefu, akaniambia kwamba nitatembea, nitaendesha baiskeli, hata nitabeba gunia nikitaka. Ila kuruka na kugeuka ghafula, basi. Nilikuwa na miaka 18.

Wiki tatu baadaye mwalimu wetu wa michezo aliniita ofisini, akaniambia, "Kijana, timu haina katibu. Wewe waujua mchezo, na hati yako yasomeka. Chukua daftari hili." Nililichukua. Wenzangu wakaanza kuniita Bwana Karani, na mmoja akasema kwa mzaha kwamba simba akikosa meno hufanywa mlinzi wa mlango. Mwalimu alipoona kwamba maneno hayo yaniuma, hakunihubiria. Aliandika jina la mtu mmoja katika kipande cha karatasi, akaniambia nikatafute habari zake. Jina hilo lilikuwa Wayne Embry.

Wayne Embry alizaliwa mwaka 1937 huko Springfield, katika jimbo la Ohio, Marekani. Alisoma shule ya sekondari ambamo wanafunzi weusi walikuwa wachache mno, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Miami. Msomaji asije akadhani ni mji wa Miami ulio Florida, kando ya bahari; chuo hiki kiko katika mji mdogo wa Oxford, Ohio, na kilianzishwa mwaka 1809. Huko ndiko alikojulikana. Kimo chake kilikuwa futi 6 na inchi 8, na uzito wake ratili zipatazo 240, na alicheza katikati, chini ya kikapu, mahali ambapo viwiko ni vingi na sifa ni chache. Mwaka 1957 na mwaka 1958 timu yake ilishika ubingwa wa vyuo vya upande wao, na jina lake lilitajwa miongoni mwa wachezaji hodari wa vyuo vya Marekani nzima. Fulana yake, namba 23, haivaliwi tena na mtu mwingine katika chuo kile.

Mwaka 1958 aliingia katika ligi kubwa ya Marekani iitwayo NBA, katika timu ya Cincinnati Royals. Ligi hiyo wakati ule ilikuwa na timu 8 tu, na ilikuwa imepita miaka 8 tangu wachezaji weusi wa kwanza walipokubaliwa kuingia, mwaka 1950. Yafaa tukumbuke hali ya nchi ile zama zile. Mwaka 1961, katika mji wa Lexington, Kentucky, wachezaji weusi wa timu mbili walikataliwa kuhudumiwa katika mkahawa wa hoteli yao, nao wakafunga mizigo wakarudi makwao pasipo kucheza. Katika hali kama hiyo ndimo Embry alimofanyia kazi yake.

Na kazi yake ilikuwa nini? Watu walimwita Ukuta. Katika timu ile alikuwamo Oscar Robertson, ambaye katika msimu wa mwaka 1961 hadi 1962 alipata, kwa wastani wa kila mchezo, zaidi ya pointi 30, zaidi ya mipira 12 ya kurudi, na zaidi ya pasi 11 za kufungisha. Dunia nzima ya mpira wa kikapu humkumbuka Robertson. Lakini wenye kuujua mchezo wajua kwamba mfungaji hapati nafasi ya kutupa kama hakuna mtu mnene aliyesimama imara na kumzuia adui asipite. Embry alikuwa mtu huyo. Tena hakuwa mtu wa kubeba tu: alichaguliwa mara 5 mfululizo, tangu mwaka 1961 hadi 1965, kucheza katika mchezo wa nyota wa ligi.

Mwaka 1966 alikuwa tayari kuacha kucheza, maana alikwisha kupata kazi ya mauzo katika kampuni ya vinywaji. Mwaka ule ule Bill Russell alifanywa mwalimu wa timu ya Boston Celtics huku akiendelea kucheza. Naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwalimu katika ligi ile. Russell akamsihi rafiki yake aje Boston. Embry akaja, akakaa misimu miwili akiwa mchezaji wa akiba, na mwaka 1968 wakashika ubingwa. Kisha akahamia Milwaukee Bucks, timu iliyokuwa mpya kabisa, akawa nahodha wake kwa msimu mmoja, na mwaka 1969 akavua viatu. Alikuwa amecheza misimu 11.

Hapa, wenzangu, ndipo habari za wachezaji wengi huishia. Za Embry ndipo zilipoanza. Kwanza alirudi Boston kusimamia idara ya mji ya viwanja vya michezo na mapumziko. Mwaka 1970 Milwaukee wakamwita awe msaidizi katika ofisi ya timu, na akaisaidia timu hiyo kumpata Oscar Robertson, yule yule aliyekuwa akimkingia adui huko Cincinnati. Mwaka uliofuata, 1971, Robertson pamoja na kijana mrefu aliyejulikana baadaye kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar waliishinda Baltimore michezo 4 kwa 0, na Milwaukee ikawa bingwa. Mwezi wa Machi 1972 Embry akafanywa meneja mkuu wa timu. Alikuwa na miaka 34, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika ligi ile. Mchezaji mweusi aliruhusiwa kucheza mwaka 1950. Kufundisha, mwaka 1966. Kushika kalamu ya kuajiri na kuachisha, mwaka 1972. Kutoka uwanjani mpaka mezani ilikuwa safari ya miaka 22.

Pengine msomaji atauliza, meneja mkuu hufanya nini? Nami niliuliza vivyo hivyo. Mwalimu wa timu huamua nani acheze leo. Meneja mkuu huamua nani awe katika timu mwakani. Yeye humwajiri huyo mwalimu. Yeye hutuma watu kwenda vyuoni kutazama vijana, na siku ya uchaguzi wa vijana hao yeye ndiye atakayetaja jina. Yeye huafikiana mishahara na mawakili wa wachezaji. Na tangu msimu wa mwaka 1984 hadi 1985 ligi imeweka kikomo cha jumla ya mishahara ya timu, hata imekuwa lazima meneja awe hodari wa hesabu kama mwenye duka. Tena yeye hubadilishana wachezaji na timu nyingine, na hiyo ndiyo kazi iumizayo kichwa kuliko zote.

Nitatoa mfano. Abdul-Jabbar alikuwa mchezaji bora kuliko wote wa ligi, naye aliwaambia wakubwa wa Milwaukee kwamba ataka kuondoka. Ufanyeje? Ukimzuia, mkataba utakwisha, naye ataondoka bure. Ukimwachia, mji mzima utakulaumu. Mwezi wa Juni 1975 Embry alimpeleka Los Angeles Lakers pamoja na mwenzake mmoja, akapokea wachezaji wanne: Elmore Smith, Brian Winters, Dave Meyers na Junior Bridgeman. Huko Los Angeles Abdul-Jabbar alishika ubingwa mara 5, jambo ambalo mashabiki wa Milwaukee hawakulisahau. Lakini Winters na Bridgeman nao walicheza kwa uaminifu hata timu ikaziheshimu fulana zao zisivaliwe tena. Na huyo Bridgeman, baada ya kuacha mpira, alifanya biashara ya mikahawa hata akatajirika sana, na mwaka 2024, miezi michache kabla ya kufa kwake, alinunua fungu la kumi la timu ile ile aliyoletewa na Embry. Mwaka 1975 ni nani angaliweza kuyaona hayo?

Mwaka 1986 Embry alikwenda kuwa meneja mkuu wa Cleveland Cavaliers, timu ambayo wakati ule ilikuwa imezoea kushindwa. Akamwajiri Lenny Wilkens awe mwalimu, na kwa vijana kama Brad Daugherty na Mark Price wakajenga timu ya kuogopwa. Msimu wa mwaka 1988 hadi 1989 walishinda michezo 57. Kisha, tarehe 7 Mei 1989, katika mchezo wa mwisho wa duru ya kwanza ya mashindano ya ubingwa, walikuwa mbele ya Chicago Bulls kwa pointi 100 kwa 99, zimebaki sekunde 3. Michael Jordan akapewa mpira, akaruka, akatupa, ukaingia. Wakashindwa 101 kwa 100. Mchezaji aliyemlinda Jordan siku ile, Craig Ehlo, yeye mwenyewe alikuwa ndiye aliyeitanguliza Cleveland sekunde chache kabla. Nawaza mara kwa mara juu ya meneja aliyeketi siku ile akitazama. Kazi ya miaka mitatu ikaanguka kwa sekunde tatu, naye hana la kufanya, hawezi hata kunyosha mkono kuuzuia mpira. Siku ya pili yake aamke aende ofisini.

Na alikwenda. Mwaka 1992 timu ile ilishinda tena michezo 57, ikafika karibu na fainali, ikazuiwa na Chicago ile ile. Embry alichaguliwa meneja bora wa mwaka, 1992, na tena 1998. Mwaka 1994 alifanywa rais wa timu, akawa mtu mweusi wa kwanza katika ligi ile kupata cheo hicho nacho. Mwaka 1999 jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu. Na hapa nawaomba wasomaji wasikie vizuri: hakuingizwa kwa sababu ya kucheza, bali kwa mchango wake katika mchezo.

Niliposimulia habari hizi bwenini, rafiki yangu mmoja, mlinzi wa timu yetu, alinijibu neno ambalo sikuweza kulipuuza. Alisema, "Ndugu yangu, huyo alicheza misimu 11 kwanza. Milango ilimfungukia kwa sababu ya jina lake. Wewe umecheza mihula mitano katika uwanja wa saruji wenye ufa katikati. Nani atakufungulia mlango?"

Naam, ni kweli kwamba jina husaidia. Lakini katika kutafuta habari za Embry nilifika Toronto, Kanada, maana mwaka 2004 timu ya Toronto Raptors ilimwita awe mshauri wake mkuu, na mwaka 2006 alishika umeneja kwa muda mfupi wakati kiti kilipokuwa kitupu. Huko nikakutana na jina la pili, la Masai Ujiri. Baba yake ni Mnijeria na mama yake ni Mkenya, daktari. Kwa hiyo kwa upande wa kwa mama ni jirani yetu kabisa. Ujiri alilelewa Zaria, akasoma miaka miwili katika chuo kidogo huko Dakota Kaskazini, akacheza katika timu za Ulaya, lakini hakucheza NBA hata dakika moja. Alianza kama mtazamaji wa vijana, akiwatafutia timu ya Orlando wachezaji pasipo mshahara. Mwaka 2010 akawa mkuu wa wachezaji wa Denver. Mwaka 2013 akachaguliwa meneja bora wa mwaka, kisha akachukuliwa na Toronto. Na mwaka 2019 Toronto ikawa bingwa kwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwake. Embry alikuwa angali mshauri wa timu, na umri wake ulikuwa miaka 82. Huyu aliingia kwa mlango wa jina, na yule kwa mlango wa kutembea bila mshahara. Wote wawili wakaketi katika nyumba moja.

Rafiki yangu alisikiliza, akasema, "Huko ni ng'ambo." Nalo ni kweli. Kwetu timu nyingi huendeshwa na watu wawili watatu wenye moyo, na fedha ni haba. Lakini mambo yanasogea. Mwaka 2021 ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika ilianza kuchezwa Kigali, na mwaka 2023 City Oilers ya hapa Kampala ilikuwa miongoni mwa timu zilizoshindana. Timu ikivuka mpaka yahitaji pasipoti, vyeti, hesabu, usafiri na mtu wa kusoma barua kwa makini. Warefu tunao wengi. Wenye kuandika vizuri na kutunza fedha ya watu, je, tunao wangapi?

Turudi kwenye daftari. Kazi yenyewe, mwanzoni, ni kuandika tu: nani amefunga, nani ana madhambi manne na amebakiza moja atolewe nje, nani ametupa akakosa. Lakini mtu akiandika muda mrefu huanza kuona. Katika mchezo mmoja tulipewa mitupo huru 18, tukapata 7, tukashindwa kwa pointi 4. Wachezaji wote walimlaumu mwamuzi njia nzima ya kurudi. Mimi nilikuwa na daftari magotini, nikasoma tarakimu kwa sauti. Basi lote likanyamaza. Tangu siku ile mwalimu huwaweka wachezaji nusu saa nzima mwisho wa mazoezi, watupe mitupo huru na hali wamechoka. Sasa tumeanza kushinda michezo ile ya pointi mbili tatu. Jina langu halimo katika orodha ya wafungaji, lakini najua pointi zipi ni zangu.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba jambo hili limeniponya. Timu ikipasha mwili kabla ya mchezo, nikisikia viatu vikilia juu ya saruji, goti langu hutaka kuinuka lenyewe. Na ule msaada wa karo niliouwinda haupo tena. Baba nilimweleza yote wakati wa likizo, akiwa chini ya lori anakaza nati. Hakutoka mara moja. Mwishowe alisema, "Gari lililovunjika ekseli haliendi, lakini mwenye gari huenda." Kisha akaniomba spana. Nimeomba nafasi ya kusomea hesabu za biashara. Kama karo itapatikana au haitapatikana, hilo bado liko mbele yetu, na Baba ameongeza safari moja kwa mwezi.

Lakini swali nililolianza naweza sasa kulijibu kwa kadiri nijuavyo. Mchezaji akitoka uwanjani, huenda pale alipokuwa akijiandaa kwenda alipokuwa angali akicheza. Embry alikuwa na elimu ya chuo, alikuwa na mazoea ya kazi ya ofisi, na alikuwa amejifunza miaka 11 kusimama imara ili mwingine afunge. Alipoketi mezani aliendelea na kazi ile ile, ila sasa alikuwa ukuta aliyevaa tai.

Kwa hiyo, wenzangu wa timu, someni vitabu vyenu wakati magoti yenu yangali mazima. Nanyi msiocheza, msidhani uwanja si wenu. Mimi nitaondoka shuleni mwisho wa mwaka huu, na daftari la timu litahitaji mtu. Anayetaka, wa kidato chochote, mvulana au msichana, mradi hati yake isomeke na asiogope kusoma tarakimu kwa sauti mbele ya walioshindwa, aje aniulize. Nipo uwanjani kila Jumatano jioni, kwenye kiti kilicho karibu na mstari wa katikati.